Katekista Aliyebaki Kwenye Benchi

Padre alikuwa anafika kigangoni kwetu mara moja kwa mwezi, na mvua ikikata njia ya Namawala, mara moja kwa miezi miwili. Jumapili zote nyingine tulikuwa na Katekista. Yeye ndiye aliyefungua mlango, akafagia uchafu wa popo, akapanga mabenchi, akaongoza ibada, akasoma matangazo, kisha akafunga mlango. Na siku padre alipokuja, yeye ndiye aliyetupanga mstari wa komunyo: akina mama huku, akina baba kule, watoto mbele. Akishatupanga alirudi kwenye benchi la pili upande wa wanaume, akakaa, akatazama miguu yake. Hakupokea.

Nilipoolewa hapa nikiwa binti wa miaka ishirini nilimkuta hapokei. Mwanangu wa kwanza, Flora, alipofika umri wa komunyo, aliyemfundisha miaka miwili ni yeye, na siku ile Flora alipotoa ulimi wake mbele ya padre, Katekista alikuwa kwenye benchi lake anatazama miguu.

Watu walisema mengi. Wengine walisema ana mke wa pili huko Mahenge. Wengine walisema ni unyenyekevu. Mama mmoja wa jumuiya yetu, mtu wa mzaha, alisema, "Mwacheni, anajiwekea akiba." Tulicheka. Lakini hakuna aliyemuuliza, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kuulizwa. Yeye ndiye alikuwa anatuuliza sisi.

Na alikuwa anauliza kweli. Jumuiya inasali Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba, na yeye alikuwa anazunguka na baiskeli yake jumuiya zote tano. Mkishamaliza rozari anafungua daftari. "Baba Joni, wiki tatu hatujakuona. Uliumwa?" Baba Joni anasema alikuwa shamba. "Shamba lako na la mama huyu limepakana. Yeye amefikaje?" Mtu anatafuta pa kuweka uso. Mimi mwenyewe aliwahi kunisimamisha mbele ya watu ishirini kwa sababu nilikuwa simsalimii wifi yangu. Akasema, "Mama Flora, tutaanza sala ukishamsalimia." Nikasema, nimemsalimia moyoni. Akasema, "Moyoni hakuna masikio." Tukakaa kimya wote, kuku wanapita katikati yetu, mpaka nikaona aibu, nikasema, "Wifi, habari za asubuhi." Wifi akasema, "Nzuri." Katekista akafunga macho, akaanza, "Kwa jina la Baba."

Nilimchukia mwezi mzima. Wifi yangu na mimi tunalima pamoja mpaka leo.

Maombi marefu hakuyapenda. Mtu akianza kumweleza Mungu historia ya kijiji kizima, Katekista anakohoa. Asiposikia kikohozi, anaambiwa, "Mama, ameshasikia. Kaa." Simu ikilia kanisani hakukasirika. Alikuwa anasema, "Pokea, mwambie tuko kanisani, na yeye aje." Vijana walipoanzisha grupu la jumuiya kwenye simu zao, wakawa wanatumiana picha za Bikira Maria kila asubuhi zenye maua na mwanga, alisikiliza wakimweleza, halafu akauliza, "Na yule bibi aliyevunjika nyonga, picha yake mmetumiana?" Jioni yake vijana wanne walikuwa kwa bibi na ndoo za maji. Yeye simu yake ilikuwa ya tochi tu, na hata hiyo mara nyingi alikuwa anaisahau nyumbani.

Anayejua bonde letu anajua kwamba mpunga ukianza kutoa masuke, vijiji vinabaki vitupu. Watu wanahamia shamba, wanalala kwenye dungu, kichanja cha juu ya nguzo, na kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama kazi ni moja tu, kufukuza ndege. Kwelea wakishuka wengi, nusu saa inatosha, umebaki na majani. Sasa ilikuwa kila mwaka linakuja swali: Jumapili tuwaache ndege wale mpunga, au tumwache Mungu? Katekista wa kwanza, wa zamani, alikuwa anasema ni majaribu ya imani. Huyu wetu alisema, "Ndege hawajui Jumapili." Akahamishia ibada shambani, akaigawa zamu mbili. Nusu wanasali chini ya turubai, nusu wanapiga madebe na kurusha udongo, halafu wanabadilishana. Kwa hiyo mahubiri yake ya msimu ule yote yanachanganyika na makelele ya "Hooo! Hooo!" kutoka kila upande. Zamu ya pili ikiisha, hakwenda kupumzika. Alikwenda kwenye dungu la mama mjane asiye na mtu, akapanda, akamwambia, "Shuka ukale, ulale kidogo." Akabaki yeye juu na debe, mzee mzima, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Jumatatu alikuwa anaongea kwa kunong'ona.

Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine. Mke wake, tuliyemwita Mama Katekista, alikuwa mwanamke mnene wa kucheka, hamwogopi hata kidogo. Ukifika pale jioni unamkuta Katekista amechuchumaa anaosha vyombo. Vijana wakipita wanamtania, "Mwalimu, umekalishwa!" Anajibu bila kuinua kichwa, "Na nyie mtakalishwa, mkipata bahati." Maji alikuwa anachota yeye, madumu matatu kwenye keria ya baiskeli. Siku moja Mama Katekista aliniambia mbele yake, "Huyu anawaombea nyie wote, mimi nataka aniombee uji tu usipoe." Yeye akasema, "Uji wako unaombewa kila siku, tatizo ni chumvi." Walivyocheka wale wawili, mimi niliondoka pale nikiwa na wivu.

Alitufundisha pia kusoma. Mimi niliishia darasa la nne, na kisomo changu kingine chote nilikipata jioni kwenye jengo la kigango, wanawake tisa na taa moja ya sola, Katekista na chaki yake. Hakutufundisha vitu vya kitoto. Alikuwa analeta karatasi za kweli: kadi ya kliniki, fomu ya shule, maelezo ya dawa ya kupulizia mpunga. Alikuwa anasema, "Mtu asikusomee karatasi ya mtoto wako."

Na mtoto akiumwa, hapo ndipo ulimwona. Sijawahi kuona mtu anayekimbia vile. Awe mtoto wa Mkatoliki, wa Msabato, wa Mwislamu, awe mtoto wa wale Wasukuma waliokuja na ng'ombe ambao hatukujua hata wanasali wapi, Katekista akisikia kuna mtoto ana homa, anaacha alichoshika. Anampakia mama na mtoto kwenye keria, anawapeleka Ifakara hospitali. Mara moja aliacha ibada katikati ya somo. Tulibaki tunatazamana, tukaimba nyimbo zote tunazozijua, tukaenda nyumbani.

Lakini huyohuyo, ukienda kuandikisha mtoto wa ubatizo na hujafunga ndoa, alikuwa anakuhoji mpaka unatoka jasho. Alikuwa anakuandikisha mwishoni. Ila kwanza unatoka jasho.

Sasa niseme la Flora.

Flora alipata kazi ya kupika kantini huko Kidatu, kwenye mashamba ya miwa. Mwaka wa pili akarudi na mimba. Mwanaume hakuonekana. Mimi wakati ule nilikuwa katibu wa jumuiya na nilikuwa nimesema maneno mengi juu ya mabinti wa watu. Nilimwambia Flora, "Katika nyumba hii, mimba hiyo haitazaliwa." Baba yake alijaribu kusema kitu, nikamnyamazisha. Flora akachukua begi lake akaenda kwa shangazi yake, yule yule wifi yangu. Akajifungua huko, mtoto wa kiume. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Siku kumi na nne zikapita, sijakanyaga.

Siku ya kumi na tano, asubuhi, nimeanika mpunga kwenye turubai, nikasikia breki ya baiskeli. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina. Shikamoo Mwalimu." Nikajua amekuja kunipongeza. Nasema kweli, ndivyo nilivyofikiri. Nikajua atasema, Mama Flora, umesimama imara.

Alivua viatu, akapanda kwenye turubai, akaanza kuugeuza mpunga wangu kwa miguu, anaburuta mguu, anaacha mstari, anarudi. Na mimi nikaendelea upande wangu. Akasema, "Nataka kukwambia jambo ambalo padre analijua na mke wangu analijua. Wewe utakuwa wa tatu."

Akanieleza. Zamani, kabla hajaja kwetu, alikuwa katekista ng'ambo ya mto, kijiji kimoja karibu na Lupiro, nyumbani kwao. Mdogo wake alikuwa anaishi na mwanamke bila ndoa ya kanisa. Kila mwaka wanasema tukivuna tutafunga. Wakapata mtoto. Wakataka abatizwe, Katekista akakataa kumwandikisha. Alisema, ndoa kwanza.

"Siku moja, saa sita mchana, akaja mtu anakimbia," alisema. "Akaniambia mtoto ana degedege, ana hali mbaya, wanaomba nije nimbatize. Mama Flora, mtoto anayekufa anaweza kubatizwa na mtu yeyote. Hata wewe. Nilikuwa nafundisha watu hivyo kila mwaka. Lakini mimi nikafikiri, hawa wananitega. Wanataka kupitia dirishani. Nikamwambia yule mtu, waambie wapange nyumba yao kwanza. Nikaendelea kula."

Nikasimama. Yeye hakusimama, aliendelea kugeuza mpunga.

"Saa kumi mtoto alikuwa amekufa. Kesho yake wakaomba nije kuzika. Sikwenda. Unajua kwa nini? Sheria haikunikataza. Niliogopa watu watasema nimependelea ndugu yangu. Wakamzika wenyewe, hakuna aliyefungua kitabu."

Nikamuuliza, "Ndiyo maana hupokei?"

"Padre alishaniondolea dhambi. Ananiambia kila mwaka, njoo upokee. Lakini nawafundisha nyie kwamba mwenye neno na ndugu yake asisogee altareni. Nitasogeaje mimi?"

"Si umwombe msamaha?"

"Niliomba nihamishiwe huku, halafu siku moja nikavuka na kivuko, nikaenda. Aliponiona akatoka mlango wa nyuma, akaenda shamba, akakaa huko mpaka nilipoondoka. Nikatuma mtu. Akajibu, mwambie nitamsamehe siku mwanangu akija kunisalimia." Akafika mwisho wa turubai. "Baada ya hapo sikwenda tena."

Akavaa viatu. Akasema, "Mjukuu wako ana wiki mbili. Mimi sikuwahi hata kumwona yule wa mdogo wangu." Akapanda baiskeli yake.

Mpunga niliuacha pale pale na kuku. Nilikimbia na miguu yangu ina makapi. Wifi alinifungulia, akataka kusema kitu, akaangalia uso wangu, akaacha. Flora alikuwa amekaa kitandani ananyonyesha. Nilisema, "Mwanangu, habari za asubuhi," basi, sikuweza kingine. Yeye akanipa mtoto. Katekista alimwandikisha wiki iliyofuata. Alimhoji Flora mpaka akatoka jasho.

Kuanzia hapo nilikuwa naijua siri yake, na ikanipa ujasiri ambao wengine hawakuwa nao. Kila mara nilipomwona anarudi kwenye benchi lake, nikitoka ibada namuuliza, "Mwalimu, lini?" Alikuwa anasema kivuko kina foleni. Kivuko kimeharibika. Mto umejaa. Halafu serikali ikajenga daraja. Siku ya kwanza magari yalipopita, nusu ya Ifakara ilikwenda kulitazama, na mimi nikaenda, na Katekista naye nikamkuta pale na baiskeli yake. Nikasimama karibu naye. "Mwalimu, mto huo umeisha." Akasema, "Naona." Akageuza baiskeli, akarudi nyumbani.

Mtu yule aliyenisimamisha mimi mbele ya watu ishirini kwa ajili ya wifi yangu! Nilikuwa na hasira naye, siwezi kuficha. Nilimwambia siku moja mbele ya mkewe, "Wewe unatupeleka wenzio mahali ambapo wewe huendi." Mama Katekista hakucheka. Alisema, "Mwambie, mwenzangu. Mimi nimesema mpaka nimechoka." Yeye akasema, "Nyie mnadhani naogopa akinikataa. Naogopa akinikubali bure tu, kwa kuwa nimezeeka." Sikumwelewa. Sina hakika kama hata leo namwelewa.

Mwaka juzi Mama Katekista alifariki, presha, ghafla tu. Mazishini nilimwona mwanaume mgeni, mrefu, mwenye paji la uso lile lile la Katekista. Alitupa udongo wake kaburini kama wengine, akaondoka kabla ya salamu za rambirambi. Katekista alimwona. Alimfuata kwa macho mpaka alipoishia kwenye kona, na kaburi la mkewe lilikuwa bado halijajaa.

Baada ya arobaini alikuja kwangu, anatembea na fimbo, baiskeli alishaiacha. Ukatekista nao alishaukabidhi kwa kijana mwingine. Akasema, "Mama Flora, kesho nakwenda Lupiro. Nataka mtu mkali wa kunizuia nisirudi njiani." Nikasema, umempata.

Tulipanda gari ya asubuhi. Kwenye daraja alifumba macho. Nikadhani anasali, nikamgusa, akasema, "Napanga maneno." Alikuwa amevaa shati lake la ibada, na ndani ya mfuko alikuwa na kitabu cha mazishi. Sikujua kwa nini amekibeba, na nadhani hata yeye hakujua.

Mdogo wake, yule yule wa mazishini, alikuwa amekaa nje anafuma kikapu cha samaki. Safari hii hakuondoka. Lakini hakusimama pia. Nilimsalimia, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba, karibuni," macho kwenye kikapu. Katekista akabaki amesimama. Akaanza yale maneno aliyoyapanga, mazuri, marefu, ya nimekosa mbele ya Mungu na mbele yako ndugu yangu. Mdogo wake anafuma tu. Mimi nilitamani nikohoe.

Ndipo mlangoni akatoka mwanamke mzee, mwembamba, mikono ina unga. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Shemeji, aliyemtuma yule mtu kukuita ni nani?"

Katekista akamtazama mdogo wake.

"Ni mimi. Huyu alikuwa mtoni na nyavu zake. Alirudi mtoto ameshafunikwa. Mimi ndiye nilikuwa nimempakata. Mimi ndiye nilimwambia yule mtu, kimbia, mwambie shemeji aje." Hakupandisha sauti. "Ulikuja na kivuko ukamwomba msamaha yeye. Ukatuma watu kwake. Leo umekuja unamwambia yeye. Mimi niko wapi?"

Nilimtazama Katekista. Mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu. Aliachia fimbo, akashuka chini taratibu kwa magoti yake mabovu, nikataka kumsaidia, yule mama akaninyooshea mkono, niache. Katekista akamwambia, "Shemeji, sikukuona. Miaka yote hii sikukuona." Halafu akasema kitu ambacho hakikuwa kwenye maneno aliyopanga. "Hata jina lake silijui."

Mdogo wa Katekista alikuwa ameacha kufuma.

"Skolastika," akasema yule mama. "Tulikuwa tunamwita Skola. Alikuwa na meno mawili, ya chini."

"Skola," akasema Katekista.

"Njoo."

Akamwinua yeye mwenyewe. Kaburi liko nyuma ya nyumba, dogo, limezungushiwa matofali, majani yamekwanguliwa, inaonekana yanakwanguliwa kila wakati. Katekista akatoa kile kitabu. Hakuona maandishi, akanipa mimi nisome, mimi mwanafunzi wake wa jioni, na yeye akawa anafuata kwa kichwa. Nilisoma sala zote, hata zile ambazo mtu huwa anaruka. Palipo na nafasi ya jina nilinyamaza, na yeye akasema, "Skolastika." Mara ya kwanza kwa sauti ndogo. Yule mama akasema, "Siwezi kusikia." Akarudia kwa nguvu, majirani wakachungulia.

Tulipomaliza yule mama alichota udongo kidogo, akautupa juu ya kaburi la zamani vile, akapangusa mikono. Akasema, "Haya. Sasa amezikwa." Akaenda jikoni, tukasikia anapuliza moto.

Tukabaki watatu. Mdogo wake alikuwa amesimama pembeni na kikapu chake bado mkononi. Alimtazama kaka yake kwa muda mrefu, shati lenye vumbi la magoti, fimbo imebaki kule mbele. Akasema, "Utakula, kaka? Au utasema una haraka?"

"Nitakula," Katekista akasema.

Aliletewa wali na samaki wa kukaanga. Alikula. Aliongezewa, akala tena, na machozi yalikuwa yanadondokea kwenye sahani, na hakuna aliyemwambia anyamaze.